Valvu moja ya 3-500Z inawaka nyekundu kuliko mwenzake, ni feni haitoshi au kuna kingine?

antena_ndefu (Arusha)

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwenye hili maana wiki ya tatu sasa nazunguka nalo na sitaki niunguze valvu, kuzipata kwetu huku ni kazi na bei yake wote mnaijua. Nina amplifaya ya Kimarekani ya miaka ya 70 ya kuongeza nguvu ya redio ya ridhaa, ina valvu mbili za 3-500Z (zile za glasi zinazokuza mawimbi ya kurusha) zimeungwa sambamba, nimeinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anapunguza vifaa vyake. Nimeiunga kwenye volti 240. Nikirusha napata kama volti 2,600 kwenye pleti (kile kipande cha ndani ya valvu kinachopokea elektroni), mkondo miliampia 400, na kwenye antena zinafika kama wati 600.

Kwenye sauti haina shida, naongea hata saa nzima. Tatizo limeanza nilipohamia FT8 (kutuma ujumbe kwa kompyuta, inarusha kwa nguvu ileile muda wote wa zamu yake). Baada ya dakika kumi hivi valvu ya kushoto inawaka nyekundu mpaka inaelekea rangi ya chungwa, ila ya kulia imetulia tu, nyekundu ya mbali sana na saa nyingine huoni rangi kabisa. Nikirusha kwa nguvu ndogo zinafanana, nikiongeza ndo kushoto inaanza kuwaka peke yake. Feni ni ileile iliyokuja nayo, iko nyuma inapuliza kwa ubavu, nimeitia mafuta na inazunguka bila kelele. Hewa inayotoka juu mkono hauvumilii.

Sasa naomba kujua, hio rangi ni ya kawaida? Niweke feni mbili tatu za kompyuta juu ya mfuniko zinyonye joto? Alafu juzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kurusha, feni ikasimama valvu zikiwa za moto kabisa, je hapo nimeshaziharibu? Nawasilisha.

Kijumbe40m (Moshi)

Mkuu hio rangi isikutishe, 3-500Z imetengenezwa iwake. Kila moja inaruhusiwa kutupa mpaka wati 500 kwenye pleti na joto lile linatoka zaidi kwa mng'ao, kama kaa la moto. Kwahiyo pleti nyekundu peke yake sio ugonjwa. Mimi ningeweka hizo feni za juu tu, hewa nyingi haijawahi kumdhuru mtu.

nyikani_dx (Nairobi)

Pole sana ndugu, hii kitu mimi imenisumbua mwaka mzima kabla sijaelewa, na sikuelewa kwasababu nilikuwa naamini karatasi ya kiwandani neno kwa neno. Karatasi ya 3-500Z inataka futi za ujazo kama 13 za hewa kwa dakika kwa kila valvu moja, hio ni kama lita 370, ikiwa imekaa kwenye soketi yake yenyewe na kuzungushiwa chimni ya kioo. Lakini hio hesabu ni ya usawa wa bahari. Wewe uko Arusha, mita kama 1,400 juu, mimi niko Nairobi juu zaidi yako. Hewa yetu ni nyepesi. Kwako ina uzito kama asilimia 87 ya hewa ya Tanga au Mombasa, na kinachobeba joto ni uzito wa hewa, upepo unaousikia mkononi unadanganya. Feni inazunguka vilevile na inasukuma ujazo uleule lakini ndani ya ujazo huo hewa yenyewe imepungua.

La pili ndo watu wengi hawalijui kabisa. Hizi mashine za Marekani feni zake zilipimwa kwenye umeme wa hezi 60. Sisi umeme wetu ni hezi 50. Mota ya feni ya aina ile mwendo wake unafuata hezi, kwahiyo hapa kwetu inazunguka kama sehemu tano kati ya sita tu za mwendo wake, na hata ukirekebisha volti vizuri vipi hezi hazibadiliki. Hewa inapungua kwa kiasi hicho hicho, ila nguvu ya kusukuma inapungua zaidi, inashuka mpaka kama asilimia 70, na mota yenyewe inachemka kuliko ilivyozoea. Sasa zidisha hizo mbili, asilimia 83 mara asilimia 87, unabaki na 72. Yaani zaidi ya robo ya hewa uliyoandikiwa kwenye karatasi haipo na feni ni nzima kabisa. Mimi nilibadilisha feni mara mbili nikidhani imechoka, kumbe ni mlima na umeme.

Nilichofanya mwisho ni kutoa ile mota ya AC nikaweka bloa ya DC ya volti 24, yenyewe haijui hezi ni ngapi. Nilipata mtaa wa Luthuli hapa Nairobi kwenye vipuri vya mashine za fotokopi. Angalia tu kelele, nyingine zinamwaga uchafu kwenye risiva hasa bendi ya mita 40, pitisha waya zake kwenye kipete cha feraiti na uweke kapasita ndogo karibu na mota.

MzeeWaLehemu (Tanga)

Kijana wangu wa Arusha, waliotangulia wamesema kweli na hasa huyu wa Nairobi hesabu yake ni safi, ila naomba usinunue feni kwanza. Soma tena ulichoandika mwenyewe. Nguvu ndogo zinafanana, nguvu kubwa kushoto inawaka peke yake. Feni mbovu ingezichemsha zote mbili.

Hesabu kidogo. Volti 2,600 mara ampia 0.4 ni wati 1,040 zinazoingia. Zinatoka 600. Zinabaki 440 za kutupwa. Zikigawana sawa kila moja ina 220, na 3-500Z ikiwa na 220 inatakiwa iwe nyekundu ya mbali tu, tena usiku ukizima taa ya chumbani ndo uione. Ya kwako inaelekea chungwa. Maana yake ile ya kushoto inabeba mzigo karibu wote. Mgonjwa wako ni yule aliyetulia.

Kwanini ya kulia haibebi? Hizi valvu uzi wake (ule unaowaka ndani ili utoe elektroni) unakula volti 5 na ampia 14.5. Ampia 14.5 zinapita kwenye miguu miwili mikubwa na springi za soketi. Sasa chukulia springi imelegea au imeshika kutu na imeweka ukinzani wa omu 0.05 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikuonyeshi. 14.5 mara 14.5 mara 0.05, unapata wati kumi na nusu. Wati kumi na nusu kwenye mguu mmoja mdogo! Shika ncha ya pasi ya kulehemu ya wati 15 ndo utajua nazungumzia nini. Na papo hapo umepoteza volti 0.7 kati ya 5, uzi unapoa, hautoi elektroni za kutosha unapodai nguvu kubwa, mwenzake analazimika kujaza. Kwenye nguvu ndogo elektroni bado zinatosha ndo maana huoni tofauti.

Hapa ndo nataka mnielewe wote mnaosoma. Pleti ya 3-500Z inavumilia moto mkubwa, imezaliwa kwa ajili hiyo. Kinachokufa ni pale glasi inaposhikana na chuma. Juu kwenye kofia ya pleti kikomo ni nyuzi 225, chini kwenye miguu ni nyuzi 200. Lehemu ya kawaida iliyoko ndani ya miguu inaanza kuyeyuka kwenye 183. Kwahiyo hata kabla hujafika kikomo cha kiwanda lehemu inatoka, inadondoka ndani ya soketi, mguu unabaki mtupu, na mtu anaitupa valvu akidhani imekufa kumbe ingepona kwa kulehemiwa upya kwa lehemu ya bati yenye fedha, ile inayeyukia 221. Nimeokoa valvu kadhaa namna hiyo na iliniuma kufikiria zile zilizotupwa kabla sijajua.

Fanya hivi. Zima, chomoa plagi ukutani, subiri, angalia mita ya volteji imeshuka mpaka sifuri, kisha bado usiamini, chukua fimbo kavu yenye waya uliofungwa kwenye chasisi ugusishe pleti. Mkono mmoja uwe mfukoni. Volti 2,600 na zile kapasita hazikupi nafasi ya pili, nimezika rafiki. Ukishamaliza hilo chomoa valvu zote mbili taratibu wima bila kuzitikisa pembeni, angalia miguu minene ipi imebadilika rangi. Kisha zibadilishe nafasi, ya kushoto weka kulia. Urushe tena. Kama uvivu, yaani ile hali ya kutulia bila kubeba mzigo, umehama na valvu, tatizo ni miguu ya valvu. Kama uvivu umebaki upande wa kulia, tatizo ni soketi. Usijaribu kupima volti za uzi mashine ikiwa wazi na imewashwa, kwenye mashine nyingi za aina hiyo swichi moja inawasha kila kitu pamoja na ile volteji kubwa.

antena_ndefu (Arusha)

Shikamoo mzee, asante sana kwa muda wako, nitafungua jumamosi kukiwa na mwanga na mtu wa pili nyumbani. Ila kuna kitu sijakielewa, kama miguu ndo inayokufa, basi si niilipulie hewa kwa nguvu zote kila mahali mpaka hata pleti isiwake kabisa?

MzeeWaLehemu (Tanga)

Marahaba mwanangu. Miguuni ndiyo, puliza. Pleti hapana, iache ipate moto wake. 3-500Z za pleti ya chuma hazina kile kioo kilichopakwa rangi ya fedha ndani kama valvu ndogo za redio. Kinachonyonya gesi iliyobaki ndani ni madini ya zirkoni yaliyopakwa kwenye pleti yenyewe, na hayafanyi kazi mpaka pleti iwe nyekundu. Valvu iliyokaa kabatini miaka mingi ukiiwekea volteji kubwa ghafla inapiga radi ndani kwa sababu gesi imejikusanya, ila ukiiamsha pole pole, uzi peke yake masaa kadhaa kisha nguvu kidogo kidogo mpaka pleti ipate rangi, inajisafisha. Kwahiyo nyekundu ya wastani ni afya. Zile za grafiti ni habari nyingine, zina mwili mzito, zinachelewa kuonyesha rangi na zinachelewa kupoa.

BintiMawimbi (Dar)

Naongezea upande wa hewa yenyewe inapita wapi, maana hapa ndo naona watu wanapoteza pesa. Kaka wa Moshi amesema hewa nyingi haimdhuru mtu, kwa heshima zote mimi nimeona ikidhuru. Hewa ni kama maji, inafuata njia rahisi. Ukiweka feni tatu za juu zinanyonya na mfuniko una matundu pembeni, zitanyonya kupitia hayo matundu, juu utasikia upepo mzuri wa baridi na utafurahi, huku chini kwenye soketi hewa imesimama tuli. Juu baridi, miguu inaungua, na kipimo chako cha mkono kimekudanganya. Kama unataka feni ziweke chini zisukume kuelekea soketi, na uzibe matundu yote ya chasisi kwa utepe wa aluminiamu mpaka hewa isipate pengine pa kutokea ila kuzunguka miguu ya valvu na kupanda juu. Ukiweza kupata chimni ya kioo weka, inafanya kazi ileile ya kioo cha taa ya chemli, inaishika hewa ibanane na valvu mpaka juu kwenye kofia. Na kofia ya pleti iwe ile yenye mapezi, usifunge waya tu na skrubu.

Kuhusu feni za kompyuta. Kwa 3-500Z zinaweza kukufaa kwasababu valvu ya glasi haizuii hewa sana, kinachohitajika ni mgandamizo kama milimita 2 za maji tu. Lakini kama kuna mtu anasoma hapa ana valvu ya seramiki, 8877 au 4CX250B au zile za Kirusi kama GU-74B, tafadhali asiguse feni za kompyuta. Mapezi ya zile valvu yamebanana kama meno ya kitana. Mimi natumia 8877, ili itupe wati 1,500 inataka hewa kama mita moja ya ujazo kwa dakika kwa mgandamizo wa karibu milimita 10. Feni bapa ya kompyuta ikikutana na ukuta huo inazunguka tu palepale, namba iliyoandikwa kwenye boksi lake ni ya feni iliyo hewani bila kizuizi. Pale ni bloa ya ngoma, ile yenye mapezi mengi mafupi kama gurudumu la panya. Mimi nilichukua ya AC ya gari pale Gerezani, ya volti 12, inasukuma kwelikweli, ila brashi zake zilileta kelele kwenye risiva mpaka nilipoweka kapasita kwenye ncha zote mbili za mota.

Kupima mgandamizo hauhitaji kifaa cha bei. Mrija wa plastiki unaoonekana ndani, ukunje kama herufi U, weka maji yenye rangi kidogo, mdomo mmoja uingize kwenye tundu la chasisi upande wa chini ya soketi, mwingine uache wazi. Tofauti ya kimo cha maji ndo milimita zako. Mimi nimeuacha umefungwa kwenye ukuta wa chumba cha redio miaka yote, siku vumbi likijaa kwenye kichujio naona maji yamehama kabla valvu haijajua. Kichujio kiwe kikubwa, mara nne ya mdomo wa bloa au zaidi, ukiweka kitambaa kidogo palepale kwenye mdomo umeinyonga. Na kwetu huku pwani kuna chumvi, kila miezi mitatu nafuta seramiki na vikombe vya volteji kubwa kwa spiriti, unyevu na chumvi na vumbi vikishikana cheche zinatembea juu yake.

Na umeme kukatika. Kaka, kwa mara moja sidhani umeua kitu, ila usiache iwe tabia. Uzi na pleti zikiwa za moto na hewa ikasimama, joto la pleti linashuka kuelekea chini kwenye glasi na miguu, na miguu ndo inapata joto la juu kabisa dakika moja mbili baada ya kuzima. Bloa ya DC inakusaidia na hapa pia, mimi yangu inakula betri ya gari ambayo chaja inaijaza muda wote, TANESCO wakikata bloa inaendelea. Weka na swichi ndogo ya upepo, kipande chepesi cha bati kwenye njia ya hewa kinachobonyeza swichi, hewa isipokuwepo volteji kubwa haiwaki. Kwenye 8877 hilo ni lazima, na inasubiri dakika 3 uzi upate moto ndo uanze kurusha. 3-500Z yenyewe uzi wake unawaka mara moja, haina kusubiri.

nyikani_dx (Nairobi)

Dada hapo kwa mrija umenifungua macho, naweka leo. Na kwa ndugu wa Arusha, njia rahisi ya kujua hewa yako inatosha ni kupima inayotoka na inayoingia. Mita moja ya ujazo kwa dakika inabeba kama wati 20 kwa kila nyuzi moja kwa usawa wa bahari, kwako weka 17. Kwenye FT8 unarusha sekunde karibu 13 kati ya kila 30, kwahiyo wastani wa zile 440 ni kama 185, ongeza uzi wa kila valvu, zote mbili kwa pamoja zinakula kama wati 145 muda wote hata ukiwa kimya. Jumla 330. Kama hewa inayotoka imezidi inayoingia kwa nyuzi 20 basi unapitisha karibu mita moja, uko sawa. Ikizidi kwa 40 unapitisha nusu. Tumia kipimajoto cha kawaida cha waya kwenye njia ya kutokea, mbali kabisa na pleti, usitumie ile bunduki ya kupima joto kwa mbali, kwenye chuma kinachong'aa inasoma uongo.

antena_ndefu (Arusha)

Wakuu nimerudi. Jumamosi nimefungua kwa utaratibu wote wa mzee, nikachomoa valvu. Mguu mmoja mnene wa ile ya kulia umekuwa mweusi na bluu kama chuma kilichopita kwenye moto, mingine inang'aa. Nikabadilisha nafasi kama ulivyosema, nikarusha. Uvivu umebaki KULIA. Valvu iliyokuwa inawaka chungwa imehamia kulia na imetulia, ile "mbovu" imekwenda kushoto na imewaka. Kwahiyo valvu zote mbili nzima, ni soketi! Nimekaa kimya dakika nzima nikifikiria kwamba nilikuwa nimeshaagiza valvu moja mpya, nimewahi kuifuta oda.

Springi ya soketi ilikuwa imelainika kabisa, ukiibonyeza haikurudishii mkono. Kwa sasa nimesafisha kwa karatasi laini ya msasa, nimeikaza, mguu mweusi nimeusugua mpaka shaba ikaonekana na nimeulehemu upya kwa lehemu ya bati yenye fedha, soketi mpya za seramiki ziko njiani zote mbili. Nimeziba matundu manne ya pembeni ambayo mwenye mashine wa zamani alitoboa kwa ajili ya mambo yake.

Jana usiku nimerusha FT8 nusu saa, nimezima taa ya chumbani, zote mbili nyekundu ya mbali, zinafanana kama mapacha. Wati zimepanda zimefika 660 bila kuongeza chochote. Chumba nyuzi 24, hewa inayotoka 55. Tofauti ni 31.

nyikani_dx (Nairobi)

31 kwa hesabu ile ni kama mita 0.6 kwa dakika, valvu mbili zinataka 0.74 ya usawa wa bahari, kwako kama 0.85. Kwa sauti uko salama, kwa FT8 bado unakopa. Bloa ya DC.

MzeeWaLehemu (Tanga)

Hongera mwanangu. Mpaka soketi zifike shusha mkondo uwe miliampia 300 kwenye FT8, aliyeko upande wa pili hataona tofauti, na usiikaze ile springi ya zamani mara ya pili, chuma kilicholainika kwa moto hakirudi ugumu wake. Ile feni ya asili usiitupe, igeuze ipulize transfoma.

antena_ndefu (Arusha)

Sawa mzee, nimeshusha tayari 300. Dada BintiMawimbi, ile bloa ya gari ulichukua ya gari gani? Kuna kijana anashuka Dar alhamisi nataka nimtume Gerezani.

BintiMawimbi (Dar)

Usimtume na jina la gari, mtume na kipimo. Apime mdomo wa kutolea hewa, usizidi upana wa tundu lako la chasisi, na aiwashe palepale dukani kwa betri, azibe mdomo kwa kiganja. Nzuri utasikia mota inabadilisha sauti inapanda juu na kiganja kinasukumwa. Ile ambayo kiganja hakisikii kitu aiache hapo hapo.